Hapo Hapachimbwi

Alhamisi tuliijua kwa pua. Umande ukiwa bado kwenye migomba, harufu ya dawa ilikuwa imeshapanda kutoka bondeni kwenye josho, kali, ya kukwaruza koo, imechanganyika na samadi na vumbi la kwato. Baadaye kidogo ng'ombe wenyewe walianza kushuka kutoka kila kilima, wengi wao wa pembe ndefu za Kiankole, wakipita vichochoro vya mashamba mmoja nyuma ya mwingine. Nyuma yao walifuata wavulana wenye fimbo na wasichana kama mimi tuliopewa kazi ya kuswaga ndama. Penye mdomo wa josho, ng'ombe wa kwanza aligoma. Akasukumwa, akapigwa kofi la kiuno, akaruka. Maji yakapaa, kichwa kikazama na kuibuka macho yakiwa yamemtoka pima, akaogelea kidogo na kupanda ngazi za saruji akitiririka. Baada ya huyo, wengine waliruka bila ubishi.

Nilizaliwa Bugarama, kusini mwa wilaya ya Ngara, kwenye vilima vya Washubi vinavyoelekea Burundi. Ukisimama juu ya kilima cha kwetu unaona migomba na maharage yakishuka mpaka kwenye vijito. Ukigeukia mashariki, mbali, rangi inabadilika: kijani kibichi kinakuwa kijani cha moshi. Huko ndiko pori lilikoanzia, likaendelea hadi Biharamulo na Burigi. Wazee walilitaja pori lile kwa sauti ya chini, na mimi sikujua kwa nini mpaka alipokuja bwana mifugo.

Alikuja mwaka 1991, nikiwa na miaka tisa. Hakuwa mwenyeji. Alitokea upande wa Dodoma na alikuwa amesomea mifugo Mpwapwa. Alifika na baiskeli, sanduku moja la bati, na kisanduku cha barafu cha kubebea chanjo ambacho hakuruhusu mtoto yeyote kukikalia. Watu wazima walimwita Bwana Mifugo, nasi tukamwita hivyo hivyo. Miaka saba aliyokaa kwetu sikumbuki mtu kumtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mara ya kwanza kuja kwetu, ndama wa baba alikuwa amelala chini ya mti, pumzi zinakwenda mbio, povu jeupe puani. Baba alikuwa amemsubiri tangu asubuhi. Bwana Mifugo alipiga hodi, akaamkia, akapiga goti, akapapasa tezi chini ya sikio la ndama zilizokuwa zimevimba kama viazi. Aliingiza kipimajoto, akachoma sindano. Kisha badala ya kunawa na kukaribishwa kiti, akauliza, "Mzee, huyu alikuwa analisha wapi wiki mbili zilizopita?"

"Ndama yuko hapa, Bwana Mifugo," baba alisema, sauti imepanda kidogo.

"Namwona, Mzee. Huyu nimechelewa kumwona. Nataka kuwaona watakaomfuata."

Akaondoka na baba mpaka kwenye nyasi ndefu za mbuga iliyokuwa ikitumiwa na ng'ombe wa vitongoji vitatu. Mimi niliwafuata. Alikokota kipande cha blanketi jeupe juu ya nyasi, hatua kama ishirini, akakigeuza. Kilikuwa kimejaa vidoa vya kahawia vinavyotembea. Ndio kupe wa masikio, akasema, wanaoleta ndigana kali. Ndama alikufa siku ya tatu. Lakini tangu hapo baba hakulisha tena kwenye mbuga ile mpaka nyasi zilipochomwa, na hakuna Alhamisi aliyoiruka.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Mgonjwa alimtibu, ndiyo, kwa dawa chache alizokuwa nazo. Lakini macho yake yalikuwa chini: kwenye nyasi, kwenye tope la kisima, kwenye mavi. Aliweza kuchuchumaa mbele ya kinyesi cha ng'ombe muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, akikipekua kwa kijiti kutazama kama dundu wameanza kukiviringisha na kukizika. Watu walimcheka. Mimi nilichuchumaa naye.

Bibi mzaa baba ndiye aliyemfungulia habari za pori. Jioni moja alipita kwetu kunywa maziwa, akaamkia, "Shikamoo Bibi," akaketi kwenye kigoda na kumwuliza: zamani ng'ombe walikuwa wanalisha mpaka wapi? Bibi akanyoosha mkono kuelekea mashariki. Wakubwa wake walimsimulia kwamba kule kwenye pori kulikuwa na miji ya watu na ng'ombe wengi. Kisha ikaja sotoka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1890, kabla Mjerumani hajatulia huku, na karibu ng'ombe wote wa nchi hii ya maziwa makuu walikufa kwa muda mfupi. Pasipo ng'ombe wa kula majani na watu wa kuyachoma, vichaka vilisimama. Wanyama wa porini wakarudi na mbung'o, yaani ndorobo, akarudi nao. Ndorobo akaleta nagana kwa ng'ombe wachache waliobaki, na malale kwa watu. Wakati wa Mwingereza, sehemu za Biharamulo, watu waliamriwa kuacha miji yao na kukaa pamoja mahali palipofyekwa ili ndorobo asipate kivuli karibu nao. Bibi alikuwa na jamaa upande ule.

"Ng'ombe walikufa, pori likala mashamba," alisema, akanyamaza kama mtu aliyetaja msiba wa jana.

Nilimsindikiza Bwana Mifugo hadi njia panda. Alikuwa akisukuma baiskeli, hakuipanda. "Umesikia, binti?" akaniuliza. "Ugonjwa ulianza kwa ng'ombe, ukapita kwenye majani, ukafika kwa mtu. Na sisi mpaka leo tunamweka mganga wa watu nyumba moja, mimi nyumba nyingine, bwana misitu nyumba ya tatu, hatuamkiani."

Sotoka yenyewe haipo tena duniani. Chanjo iliyoivunja nguvu ilitengenezwa jirani hapa, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake karibu mwaka 1960, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa umefutwa. Ni wa pili tu kufutwa na binadamu baada ya ndui. Siku ilipotangazwa nilifikiria baiskeli ile. Chanjo ilitengenezwa maabara, lakini aliyeifikisha kwa ng'ombe wa mwisho kwenye kijiji cha mwisho alikuwa mtu wa aina yake, mwenye kisanduku cha barafu na buti za mpira.

Mwaka ule ule wa 1991 mkoa wa Kagera ulikuwa umeanza kuogesha ng'ombe kwa dawa mpya, deltamethrini. Dawa za zamani ziliua kupe. Hii iliua kupe, na pia ndorobo aliyetua kwenye ngozi kunyonya, kwa hiyo ng'ombe mwenyewe akawa mtego unaotembea. Hapakuwa na haja ya kufyeka pori lote wala kuwapiga risasi wanyama, kama ilivyofanywa zamani sehemu nyingi za Afrika. Nilipokuwa mwanafunzi Morogoro niliziona takwimu za mkoa wetu: ng'ombe waliohesabiwa kufa kwa nagana walipungua kutoka zaidi ya 4,000 mwaka 1991 hadi 29 mwaka 1996. Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Kati ya hao waliopona walikuwemo wa baba.

Ila dawa ile ilikuwa na upande wa pili, na Bwana Mifugo aliujua kabla yetu sote.

Josho hujaa tope. Kila ng'ombe anaingia na udongo kwato zote nne, anaacha na mavi, mpaka dawa inakosa nguvu. Hapo sharti litolewe maji yote, zaidi ya lita 10,000, tope lizolewe kwa koleo, kisha lijazwe upya. Desturi ya kwetu ilikuwa kulimwaga upande wa chini, kwa sababu maji hupenda kushuka na watu hupenda kazi nyepesi. Upande wa chini kulikuwa na kijito. Mama yangu alichota maji hapo, na mama wa kila rafiki yangu.

Kiangazi cha mwaka 1992 kamati ya josho ilikutana, wanaume watupu, kupanga siku ya kulisafisha. Bwana Mifugo akawaambia safari hii tope haliendi chini. Lichimbwe shimo upande wa juu, mbali na kijito, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, lizungushiwe miiba. Mwenyekiti akamwuliza nani atachimba, na nani atapandisha tope la tani zote hizo mlimani. Wakabishana mpaka jua likainama. Mwishowe akaomba siku mbili tu.

Kesho yake alituita watoto. Alitupa chungio la chai na kututuma kijitoni kuvua visamaki, vile vidogo vya urefu wa ukucha vinavyokaa kwenye kivuli cha majani. Tulivileta kwenye kopo. Siku ya pili, mbele ya kamati, alisimamisha juu ya jiwe chupa mbili za soda zilizojaa maji ya kijito. Kila moja akatia visamaki vitano. Kwenye ya kulia akaongeza kijiko kimoja cha chai cha maji ya josho. Kisha akaanza kuwauliza wazee habari za mavuno, kana kwamba alikuwa amesahau chupa zenyewe.

Visamaki vya chupa ya kulia vilianza kwenda mbio, vikajigonga kwenye kioo, vikapinda. Hata swali la mavuno halijajibiwa na wote, vilikuwa vimegeuza matumbo juu. Vya kushoto vilikuwa vinaogelea taratibu, vinafungua na kufunga midomo.

Wakati huo wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walikuwa wamesimama. Mmoja wao, mama mtu mzima, akauliza, "Na mtoto akinywa, Bwana Mifugo?"

Hakumtisha. Ningekuwa mimi ningemtisha. Akasema, "Mtu ana nguvu kuliko samaki, Mama. Kijiko kile hakitamwua mtoto wako. Lakini samaki hawa ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Dawa ikishuka itaua wote, samaki na viluwiluwi, na mbu atarudi upesi kwa sababu ana mabawa. Samaki hatarudi upesi. Hapo mtoto wako ataumwa homa, na hakuna atakayekumbuka josho."

Wanawake wakatua ndoo zao. Sijui kamati iliandika nini kwenye daftari lake siku ile, lakini najua kwamba shimo lilichimbwa, na asilimia kubwa ya tope ilipanda mlimani kwenye ndoo za akina mama walewale wachotaji. Ni jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha katika vitabu nilivyosoma baadaye: anayechota maji ndiye anayejua gharama ya maji machafu, na kwetu wachotaji hawakuwa kwenye kamati.

Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kuvuka vilima usiku. Tuliamka tukawakuta chini ya migomba, na mbuzi wao, na ng'ombe wawili watatu waliochoka. Baba aliwapa shamba la chini. Kisha ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 mpaka wa Rusumo ulifunguka, na kwa muda wa siku moja hivi Wanyarwanda wapatao 250,000 wakaingia Ngara. Kambi kubwa ikawa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Waitaliano waliojenga barabara. Benaco ni mbali na Bugarama, safari ya siku kwa baiskeli kwenye milima ile, lakini wilaya nzima ilibadilika. Mto Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Watu wakaacha kula samaki.

Miti ilikwenda kwanza. Watu laki kadhaa wanapika kila siku, na kila sufuria ni mzigo wa kuni. Vilima nilivyozoea kuviona vya kijani vikawa vyekundu. Kuna waliosema afadhali, ndorobo amekosa kivuli. Bwana Mifugo alikubali kwamba hilo ni kweli kwa sehemu, kisha akawapeleka kwenye chemchemi iliyokuwa haijawahi kukauka na kuwaonyesha ng'ombe waliokuwa wakikanyaga tope, mbuzi wa wenyeji na mbuzi wa wageni, watoto wakichota katikati ya kwato. Ng'ombe waliochanjwa na wasiochanjwa, waliotoka nchi mbili au tatu, wote mdomo mmoja. Alipata wasaidizi wawili kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, mmoja aliyekuwa mtaalamu wa mifugo kwao, na wakajenga birika la kunyweshea chini ya chemchemi na uzio wa miti juu yake. Lilikuwa birika dogo, la mawe na saruji iliyoombwa hapa na pale. Lilitutenganisha na mavi.

Nyama nayo. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi na maharage na mafuta kidogo, na binadamu hutamani nyama. Pori la Burigi lilikuwa karibu. Nyama ya porini ikawa inaingia gizani, nayo ikapewa jina: mchicha wa usiku. Shirika la TRAFFIC lilichapisha taarifa mwaka 2008 iliyokadiria kwamba katikati ya miaka ya 1990, katika kambi mbili kubwa za Kagera zililiwa tani 7.5 za nyama hiyo kila wiki. Nyati wa Burigi waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wakabaki makumi. Bwana Mifugo hakuwa askari wa wanyamapori na hakutaka kuwa. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba hapakuwa na jicho lililoitazama nyama ile kabla haijaingia sufuriani. Alikwenda kuomba kwa wakubwa wa misaada mgao wa nyama au dagaa, akarudi kimya. Akaendelea kukagua alichoweza kukagua: chini ya mwembe palipokuwa machinjio, kisu mkononi, akipasua maini kutafuta minyoo, na mhuri wake wa buluu.

Ndipo lilipotokea la mtamba wa jirani.

Ilikuwa 1995, mvua za kwanza zimenyesha baada ya kiangazi kirefu, majani mafupi kabisa, ng'ombe wanayang'oa pamoja na udongo. Asubuhi mtamba alikutwa amekufa, tumbo limevimba kama ngoma, damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi. Jana yake alikuwa mzima. Habari ya ng'ombe aliyekufa husafiri upesi kuliko ya ng'ombe aliyezaliwa. Bwana Mifugo alipofika, visu vilikuwa vimeshanolewa, na akina mama, wa kwetu na wakimbizi, walikuwa wamekaa na sufuria.

Alilaza baiskeli yake kando ya mzoga, akaketi chini, kati ya mzoga na visu. Akasema ni kimeta. Akaeleza, mara ya kwanza kwa Kiswahili, kisha msaidizi wake akarudia kwa Kirundi: humo ndani ya damu mdudu wake bado ni dhaifu, ukimwacha humo anaoza na mzoga. Ukimpasua, hewa ikamgusa, anajivika gamba na kulala ardhini miaka mingi, watoto wenu watakuja kufa kwa kulisha hapa. Akakata ncha ya sikio, akapaka tone moja kwenye kioo chembamba, akakifunga kwa karatasi kipelekwe kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo Mwanza. Hakungoja majibu. Baba na wanaume wanne wakaanza kuchimba.

Ardhi ilikuwa ngumu na usiku uliingia shimo halijafika urefu wa mtu. Ikabidi mzoga ulindwe, na fisi, na mbwa, na njaa. Niliruhusiwa kukaa kwa sababu baba alikuwepo. Ng'ambo ya moto alikaa mama mmoja mkimbizi na mtoto mgongoni, sufuria tupu mapajani. Hakusema neno usiku kucha. Hakuondoka. Alikuwa akingoja tusinzie, na sote tulijua, na hakuna aliyemfukuza. Mara kwa mara Bwana Mifugo alimtazama, kisha akatazama moto.

Alfajiri mzoga ukashushwa, ukamwagiwa chokaa iliyobaki ya kupaka shule, ukafukiwa. Bwana Mifugo akaenda nyumbani kwake, akarudi na jogoo wake na kibaba cha maharage, akampa yule mama kwa mikono miwili. Mama akapokea kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata alichanja ng'ombe wote wa kitongoji. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiomba kuona mikono ya watu. Akawakuta wanaume wawili waliokuwa wamechuna mbuzi aliyefia malisho yale yale, wana vidonda vyenye gaga jeusi katikati, visivyouma. Aliwapandisha kwenye gari lililokuwa likielekea hospitali ya misheni Rulenge na karatasi ya mkono wake kwa daktari, kwa sababu kidonda kama kile ni rahisi kukidhania jipu. Walipona wote wawili kwa penisilini. Majibu ya Mwanza yalifika baada ya wiki kadhaa na kuthibitisha. Wakati huo minyaa aliyoipanda kuzunguka kaburi la mtamba ilikuwa imeshashika.

Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Bwana Mifugo alihamishwa 1998. Huduma nyingi za mifugo zilikuwa zimeachwa mikononi mwa wafugaji na wauza dawa binafsi, dawa ya josho ikawa bei ambayo kitongoji hakikuimudu, na Alhamisi moja hakuna ng'ombe aliyeshuka. Sikuwa na uchungu wa kisiasa wakati ule. Niliona tu majani yakiota kwenye nyufa za saruji. Leo ninao. Waliopiga hesabu walihesabu bei ya lita ya dawa, hawakuhesabu homa ambazo hazikutokea.

Mimi nikaenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikasomea udaktari wa mifugo. Darasani kwetu jambo lile lilikuwa limeanza kupewa jina, Afya Moja, na mwaka 2018 serikali ikazindua mpango wa taifa wa kuwakutanisha waganga wa watu, wa mifugo na watu wa mazingira. Nililipenda jina. Kazi yenyewe nilikuwa nimeshaiona kwenye chupa mbili za soda.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa Biharamulo. Ilikuwa mara ya pili kwa Kagera, baada ya mlipuko wa Bukoba Vijijini mwaka 2023 ulioua watu sita. Kabla ya jioni simu yangu iliita. Alikuwa mtoto wa kaka yangu.

"Shikamoo Shangazi. Huku watu wanasema ni popo. Vijana wanataka kuchoma matairi kwenye pango la kule juu, wawamalize. Tuwaache?"

Nilimwambia wasithubutu, kisha nikamweleza kwa nini, kwa sababu kijana huwezi kumkataza bila sababu. Nchini Uganda kuna mgodi uitwao Kitaka, ambako wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Popo walao matunda wa mgodini wakachunguzwa, kama 5 kwa kila 100 walikuwa na virusi. Mgodi ukafungwa, popo wakauawa kwa maelfu. Wengine wakaja kuhamia, yamkini wasio na kinga, na mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena jirani na hapo. Walipopimwa safari hii, waliokuwa na virusi walikuwa zaidi ya 13 kwa kila 100. Nikamwambia: waacheni pangoni, nanyi mkae nje. Msile tunda lililong'atwa. Atakayeugua apelekwe zahanati, asioshwe na ndugu kwa mikono mitupu. Na mwambieni afisa mifugo pango liko wapi, ili wenye vifaa waje kulitazama.

"Sawa, Shangazi. Lakini watanisikiliza?"

"Anza na wanaochota maji," nikamwambia.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Watu kumi walikuwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa pamoja nao kwa dalili na ukaribu. Pango la kwetu halikuchomwa.

Nilikwenda nyumbani kiangazi hicho. Siku hizi Bugarama watu huzungumza zaidi habari za kuchimba kuliko za kuchunga, kwa ajili ya nikeli ya Kabanga, na wenye viwanja wanajua kupima ardhi kwa macho kama zamani walivyopima ng'ombe. Josho limebaki ukuta mmoja. Nilishuka kijitoni, nikakaa kwenye kivuli mpaka macho yalipozoea maji, nikaviona: vidogo, urefu wa ukucha, vinasimama kinyume cha mkondo.

Kisha nikapanda kwenye malisho ya zamani. Minyaa imekuwa mirefu kuliko nyumba, imefungamana, hata kuku hapenyi. Shamba la mahindi limelimwa mpaka karibu yake na kukatika hapo, mstari umepinda kuizunguka. Mvulana wa miaka kama tisa alikuwa akichunga mbuzi kando. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini shamba halikwenda moja kwa moja.

Alinitazama kama mgeni asiyejua mambo.

"Hapo hapachimbwi," akasema.

"Kwa nini?"

Akafikiri kidogo, akainua mabega, akakimbilia mbuzi wake waliokuwa wameanza kuingia kwenye mahindi.